Infografiki za kubonyezabonyeza kwenye habari za mtandaoni zinatuficha namba, nimechoka!!

Wakuu, leo acha niseme maana nimevumilia vya kutosha.

Jana usiku nimefungua habari ya matokeo ya uchaguzi, wameandika "gusa ramani uone eneo lako". Haya. Kaduara kanazunguka weee mpaka ramani ikafunguka, nagusa eneo langu kwa kidole gumba, kiboksi cha namba kinatokea chini ya kidole hichohicho! Nikiinua kidole kinapotea. Nataka kuskroli nishuke kwenye maandishi, ukurasa haushuki, ramani ndo inasogea, mara niko baharini huko. Na nilikuwa natafuta namba moja tu, asilimia ya kura, habari nzima hawajaiandika popote.

Hapo ndo hasira yangu ilipo. Namba unayo, unaificha ya nini? Mtu anatengeneza grafu kwenye kompyuta yenye mausi, akipitisha mshale juu ya mstari namba inatokea, anafurahi, anasahau kwenye simu hakuna mshale wa kupitisha.

Na msiniambie hawajui. Archie Tse wa kitengo cha michoro cha New York Times alilisema hili hadharani mwaka 2016, kwamba wasomaji wanataka kuskroli tu, ukitaka wabonyeze basi kitokee kitu cha maana kweli, na kile kinachosubiri mausi ipite juu yake hesabu kwamba hakuna atakayekiona. Tangu 2016 jamani!

Mimi grafu nzuri nazipenda. Machi 2020 Washington Post waliweka vile vidoti vinavyogongana na kuambukizana, kazi ya Harry Stevens, we unashuka tu na ukurasa unaona mwenyewe watu wakitulia ugonjwa unavyopunguza kasi. Hubonyezi chochote na unaelewa.

Sasa mzee wangu macho yameisha nguvu, habari anasomewa na simu kwa sauti. Ikifika kwenye grafu inasema "picha" halafu inaruka aya inayofuata. Ananiuliza wamesema ngapi, namwambia sijui, inabidi niiguseguse kwanza. Mtu mzima anayefuatilia habari kila siku ananyimwa namba kwa sababu ya madoido!

Halafu hayo madoido yenyewe hayadumu. Adobe walipoachana na Flash, ile programu iliyokuwa inaendesha grafu za kubonyeza mtandaoni, mwisho wa 2020 grafu kibao za zamani zimebaki boksi tupu, ila habari ambayo mwandishi aliandika namba kwenye sentensi inasomeka mpaka leo.

Wahariri, andikeni namba kwenye aya, wekeni na jedwali la kawaida hapo chini, mkishamaliza ndo mpambe mnavyotaka. Jana hiyohiyo niliwaandikia wale wa ramani nikawaomba asilimia ya eneo langu tu, mpaka sasa kimya. Kuna mtu humu alishawahi kujibiwa?