Kwa nini seli za uzazi hutengwa mapema?

Swali: Ikiwa mimea huunda chavua na mayai kutokana na seli za kawaida za ncha zinazokua, kwa nini panya hutenga seli zake za uzazi angali kiinitete?

Jibu la 1: Kila seli inapogawanyika, makosa ya kunakili DNA huongezeka; hivyo ukoo wa seli uliotengwa mapema, ukigawanyika mara chache, hurithisha mabadiliko machache. Mwanabiolojia Mjerumani August Weismann aliutofautisha ukoo huo na mwili mwaka 1892.

Jibu la 2: Ndugu, hoja hiyo ni nzuri ila haitoshi. Sponji wa majini ni wanyama, lakini hawatengi seli za uzazi mapema: mbegu zao za kiume hutokana na seli zilezile zinazochuja chakula.

Muulizaji: Basi utengaji wa mapema si sharti la uzazi wa kijinsia.

Jibu la 2: Naam, si sharti.