Mlango wa gereji miezi sita tu umevimba na kuota kutu, fundi ananiambia "ni ziwa hilo dada"

Wakuu habari za muda huu. Leo nimekuja na hasira naombeni mnivumilie, hii kitu imenikaa kooni toka Jumapili na nisipoitoa sitalala.

Naishi Luchelele huku Mwanza, nyumba inatazama ziwa upande wa machweo. Mwezi wa saba mwaka jana nikaamua kuweka mlango kwenye banda la gari maana gari lilikuwa linalala nje, jua lake, mvua yake, na wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi asubuhi unakuta wameganda kioo kizima. Nikaletewa fundi nikaambiwa huyu ndo mwenyewe. Tukakubaliana mlango wa vipande viwili, fremu ya skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne), chini kipande cha bati la zinki, juu mbao za paini zimesimamishwa wima zimebanana. Milioni moja laki nane na nusu, nimelipa yote mkononi, na nauli ya kubeba mbao nimelipa mimi. Siku unafungwa ulikuwa unapendeza kweli, rangi ya kahawia iliyoiva inang'aa, majirani wanapita wanasimama.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikakolea mlango ukaanza kukwaruza. Nikampigia, akasema utazoea. Mwezi wa kumi na mbili ukawa unafunguka mpaka uupige bega. Halafu kuna usiku mmoja mwanangu kachemka homa, saa nane usiku, mvua inanyesha ile ya kutokea ziwani yenye radi, natoka nimembeba nikafungue gari, mlango haujongei. Nimesukuma, nimepiga teke, nimemuita kijana wa jirani tukasukuma wawili, wapi. Gari liko ndani lina mafuta, ufunguo ninao, na mimi nimesimama kwenye mvua na mtoto mgonjwa. Tumeenda hospitali kwa bodaboda mtoto nimemfunika turubai. Alipona namshukuru Mungu, lakini ule usiku sijausahau na sitausahau.

Fundi nikamuita aje auone. Baada ya wiki mbili za "niko njiani" akaja Jumapili, akautazama, akasema, nanukuu, "dada hii ni chumvi ya ziwa, hapa hakuna mlango utadumu, na chuma nacho kimetanuka kwa joto."

CHUMVI YA ZIWA!!

Jamani ziwa letu ni maji baridi. Maji ya bomba tunayokunywa hapa mjini yanatoka humo humo ziwani, tunapikia ugali humo. Bahari iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa. Mtu wa Tanga au Dar akiambiwa chumvi imekula geti ataelewa, huyu ananiambia mimi mtu wa Mwanza? Na hilo la chuma kutanuka ndo limenichoma zaidi, kwa sababu chuma cha mita 3 kikipanda joto digrii 30 nzima kinarefuka milimita moja tu, na mlango wangu umegoma saa nane usiku wakati wa mvua na baridi, muda ambao chuma kimesinyaa. Kama ni joto si ungegoma saa tisa mchana? Mchana wa jua kali ulikuwa unafunguka kwa shida lakini unafunguka.

Kilichovimba ni mbao. Hili nimeelezwa na mzee mmoja anatengeneza mitumbwi huku chini ufukweni, nilimuomba tu aje anisaidie kuufungua. Kaugusa, kauchungulia kwa ndani, kaniambia "ng'wanawane (mwanangu), huyu kajenga mlango kama mtumbwi." Nikamuuliza kivipi. Akasema sisi mtumbwi tunabana mbao tunaziba na pamba, ukiingia majini mbao zinavimba zinajifunga zenyewe maji hayapiti, ndo tunachotaka. Mlango unatakiwa kinyume chake, uache nafasi ya ubao kupumua. Ubao haurefuki sana, unatanuka kwa upana. Kila ubao ukiongeza milimita 2 tu na upande mmoja una mbao 12, hiyo ni sentimita mbili na zaidi, zitaenda wapi wakati zimebanwa na fremu ya chuma? Zinatunisha kifua zinasukuma fremu. Na alizifunga mwezi wa saba, kiangazi, zikiwa kavu kabisa zimesinyaa, hapo ndo ulitakiwa kuacha upenyo kati ya ubao na ubao ukijua mvua zinakuja. Kwani mvua huku ni siri? Vuli inakuja kila mwaka, masika inakuja kila mwaka!

Sasa njoo kwa ndani. Kumbe alipaka vanishi upande wa nje tu, ule unaoonekana. Ndani mbao iko uchi, kama ilivyotoka kiwandani. Na banda langu halina hata tundu la hewa, gari linaingia limelowa, maji yanakauka humo humo, unyevu wote unaingia kwenye mbao kwa nyuma huku mbele kumezibwa, ndo maana zimejipinda kama vijiko. Na ncha za chini za mbao, pale msumeno ulipokata, hazina kitu kabisa, na pale ndo ubao unakunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote kwa sababu vinyweleo vyake vimefunguka. Mzee akanionesha kwa kidole, sentimita kumi za chini zote zimekuwa nyeusi. Ubao unapakwa pande zote, mbele nyuma pembeni juu chini, KABLA haujafungwa kwenye fremu, ukishaufunga huwezi tena kufika pembeni. Galoni moja ya ziada ingetosha. Galoni moja!

Jua nalo limefanya yake. Mlango unaangalia magharibi, kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama unapigwa usoni, na juu hakuna hata kibati cha kukinga. Rangi yenyewe ya giza inameza joto, ukiuweka mkono unautoa. Ile vanishi alitumia ya ndani ya nyumba, ya makabati, haina kinga ya jua, imepasuka imekuwa kama magamba ya samaki na maji yanapita kwenye zile nyufa. Kwenye mafundo ya mbao utomvu umeyeyuka unachuruzika, niliosha kwa sabuni hautoki.

Haya bati. Bati la zinki jipya kalipiga rangi ya mafuta moja kwa moja, hakuna kusafisha, hakuna praima ya zinki, ile rangi ya kwanza ya kushikilia rangi ya juu. Miezi mitatu rangi inabanduka vipande vizima kama karatasi. Nimeuliza duka la rangi pale mjini, kijana wa watu kanieleza vizuri tu, rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki mpya vinapambana katikati kunatengenezeka kitu kama sabuni, rangi inakosa pa kushika. Inatakiwa kuosha lile bati mafuta yake yatoke, kupiga praima yake maalumu, ndo rangi. Kijana wa dukani anajua, fundi wa miaka mingi hajui? Au anajua na hakujali? Mi naamini la pili.

Na pale alipochomelea, zinki imeungua na moto, na akapita na rangi juu bila hata kukwangua ule uchafu wa welding, bila redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Kutu imeanzia hapo hapo kila kiungo, inashuka michirizi ya rangi ya matofali. Skwea paipu ya chini kabisa haina tundu la kutolea maji, nilipoigonga ikawa inalia tofauti, nikatoboa kwa drili yakatoka maji meusi. Maji yamekaa ndani ya chuma sijui tangu lini, kinaoza kutokea ndani, nje kimepakwa kinang'aa.

Kwa hiyo wakuu mtu asiniambie ni hali ya hewa. Joto na unyevu vilikuwepo Mwanza kabla ya huo mlango na kabla ya huyo fundi kuzaliwa, na kazi niliyomlipa ndo hiyo hiyo ya kuvizuia. Nguvu ya kubeba mbao na kuchomelea ningeipata kwa kibarua. Nilimlipa kwa sababu yeye ndo anajua mbao inavimba wapi na kutu inaanzia wapi, halafu anakuja kunifundisha chumvi ya ziwa huku anacheka, mbele ya mtoto wangu. Nikamwambia nataka arudishe laki sita nitengeneze upya. Kanijibu "dada mambo ya chuma we huwezi kuelewa." Toka hapo simu hapokei.

Nimerudi kujibu waliouliza.

Aliyeuliza mkataba, hakuna, kuna meseji za WhatsApp na ameandika kwa mkono wake "mbao nitapiga vanishi kote". Kote. Nimezihifadhi, Jumatatu naenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Anayesema ningeweka shata la chuma tupu, lile la kujikunja juu, yasingenikuta, ndugu yangu, shata nalo likifungwa na mtu wa hivi litaoza. Jirani yangu lake asubuhi linatoa jasho kwa ndani, bati limepoa usiku unyevu unatua juu yake unachuruzika kwenye reli, reli zikikosa grisi linakwama kama kawaida. Tundu za hewa juu na chini ya ukuta ndo dawa, na hizo natoboa kwangu wiki hii.

Aliyesema ningetumia mninga, kweli mninga hauchezi sana na unyevu kama paini, lakini bei yake mnaijua, na paini ikipakwa pande zote na kuachiwa nafasi inakaa. Mzee wa mitumbwi ana mlango wa paini kwake, mita chache tu kutoka majini, rangi nyeupe, una kofia ya bati juu, anaurudia vanishi ya nje upande wa ndani na rangi upande wa jua kila kiangazi. Unafunguka kwa kidole kimoja, nimeufungua mwenyewe.

Jumamosi tunaushusha wangu. Mbao zitakaushwa kivulini, zile nyeusi zinakatwa, bati linakwanguliwa lote. Nahitaji fundi wa kuchomelea wa hapa Nyegezi, Mkolani au Butimba, anayekubali nimlipe nusu, na nusu ya pili nimalizie masika ikipita. Asiyekubali hilo asinitafute.