Udereva wa semi ukiuanza na miaka 46: ni kazi au ni kujimaliza?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Fizikia na Hesabu, mkoa wa Njombe, mwaka wa 22 kazini. Nina miaka 46, mke na watoto wanne, wa kwanza yuko chuo. Mkopo wa benki umeisha Machi na sitaki kuchukua mwingine. Leseni yangu ni daraja D, nayo tangu 2009, na kila likizo naendesha Noah ya shemeji yangu kati ya Makambako na Songea. Nia yangu ni kusomea magari makubwa, NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) pale Mabibo au VETA, nipate daraja E, nianze hata kama tingo (msaidizi wa dereva), halafu niingie njia ya Tunduma hadi Lubumbashi. Nyumba yangu iko karibu na barabara kuu. Malori yanapanda usiku kucha, na kwa mlio tu najua nani kakosea kupanga gia. Hili jambo ninalo moyoni tangu nikiwa kijana. Swali langu: kwa umri huu nimechelewa? Na aliyewahi kuhama kazi ya ofisini akashika usukani ukubwani, alianzaje?

Kijana wa Vingunguti:
Shikamoo mwalimu. Nakuambia ukweli kwa sababu nakuheshimu. Lori ni kimbilio la walioshindwa shule. Wewe una digrii, unakwenda kufanya nini kwa watu wa mirungi? Kila mpaka dereva ana mke. Na Kongo si mchezo, madereva wetu waliwahi kutekwa kule. Kaa darasani usubiri pensheni.

Mzee wa Tela:
"Walioshindwa shule"? Kijana, hebu nikueleze kazi yangu kabla hujarudia hilo neno. Mimi ni darasa la saba, mwaka wa 19 huu njia ya Kongo. Navuta tela mbili zilizounganishwa, tairi 26. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inanipa tani 56 kwa jumla, lakini usidhani ukiwa chini ya 56 umepona. Kila ekseli ina kiwango chake. Mzigo ukisogea nyuma kidogo tu, mizani ya Vigwaza inakutoa pembeni hata kama jumla iko sawa. Kwa hiyo wakati wa kupakia nasimama mwenyewe juu ya tela naelekeza marobota ya salfa yakae wapi. Kurudi nabeba shaba, ambayo ni fungu dogo lenye uzito wa kutisha, ukiipanga vibaya inakuua. Nina hati za transiti, sili ya TRA isiyotakiwa kuguswa, kadi ya njano ya COMESA (bima ya gari ya kuvukia mipaka), na Kiswahili, Kibemba cha kuombea maji na Kifaransa cha barabarani. Nimesomesha wahandisi wawili. Wewe umesomesha nani?

Mama Ebeneza:
Mimi nimesimama kwenye "kila mpaka dereva ana mke". Mume wangu alikuwa karani wa stoo. Kampuni ilipopunguza watu alikuwa na miaka 44, akaingia kwenye malori. Leo ana 52. Wewe kijana unaandika kirahisi namna hiyo, unajua mke wa dereva anasomaje maneno hayo saa nne usiku, peke yake na watoto? Mume wangu akifika Mikumi usiku ananipigia. Ile hifadhi ni kilomita 50 za giza, tembo anaweza kuwa katikati ya lami. Nampa stori, namsomea daftari la mtoto, nampigisha hesabu za darasa la tano, hadi aniambie ametoka upande wa pili. Huyo ndiye mwenye mke kila mpaka?

Mwenye Fuso Mbili:
Dada, pole, lakini umesema jambo baya bila kujua. Unamwongelesha dereva na simu akiwa ndani ya hifadhi usiku? Ndiyo maana tunazika watu. Akisinzia apaki, asipigiwe hesabu za darasa la tano!

Mama Ebeneza:
Apaki wapi? Katikati ya Mikumi? Na bosi wake, ambaye ni mtu kama wewe, anampigia saa tisa za usiku kuuliza mbona gari halisogei kwenye ramani. Wewe unawapigia wa kwako saa ngapi? Jibu hilo kwanza.

Mhasibu Mkweli:
Turudi kwenye mada jamani. Mwalimu, suala lako ni pensheni. Ukiacha kazi leo una 46, na hiari ya kustaafu inaanza 55. Hiyo miaka tisa utakula nini kama lori halikupata mzigo? Na nasikia mkupuo, ile sehemu ya pensheni unayolipwa kwa pamoja ukistaafu, umerudishwa asilimia 50, kwa hiyo ukivumilia unalamba nusu yako.

Mstaafu Mtarajiwa:
Mhasibu, nani amekudanganya? Haijarudi 50. Mwaka 2018 mifuko ilipounganishwa ikaja PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na ile asilimia 25 iliyowaliza watu, ikasimamishwa. Julai 2022 ikaanza 33. Bajeti ya 2024 ndiyo ikawapandisha waliokuwa kwenye 50 zamani, kutoka 33 hadi 40, na wale wa 25 wakapewa 35. Walimu ndio waliopiga kelele kuliko wote, na wakasikilizwa nusu. Mimi nimebakiza miezi 14, nayajua haya kama sala. Mwalimu, usiandike barua ya kuacha. Omba likizo bila malipo, kajaribu, ukishindwa unarudi kwenye chaki.

Mhasibu Mkweli:
40 au 50, hoja yangu iko palepale.

Mstaafu Mtarajiwa:
Haiko palepale. Hiyo asilimia 10 kwangu ni bati la nyumba nzima.

Kijana wa Vingunguti:
Naona povu kila kona, lakini hakuna aliyejibu habari ya kutekwa. Ilikuwa 2016, malori yakachomwa.

Uvira Ohio:
Mimi ni mutu wa Uvira, sasa naishi Ohio. Kijana, ile ya 2016 ilitokea upande wetu wa mashariki, na madereva waliachiwa. Mwalimu anasema Lubumbashi, ni kusini kabisa, Katanga. Ni kama mutu aogope Mtwara kwa sababu ya jambo lililotokea Bukoba.

Mwalimu, nijibu swali lako, sababu naona wote wamelikimbia. Nilikuwa mwalimu pia, shule ya msingi. Hapa Marekani nilianza kamiyo (lori) nikiwa na miaka 49. Hakuna umri wa mwisho, kuna daktari. Anapima macho, presha, sukari, usingizi, anakupa karatasi ya miaka miwili au chini ya hapo. Sheria inakupa saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14, kisha unalala saa 10, na mashine imefungwa kwenye injini inahesabu, huwezi kudanganya. Shida ya mtu mzima si mikono. Mikono inajifunza. Shida ni kurudisha tela nyuma. Mwalimu wangu wa udereva alikuwa kijana wa miaka 26, alinipigia kelele mbele ya watoto wengine. Wiki mbili nilirudi nyumbani na hasira, nikataka kuacha. Siku moja nikakubali kuwa pale mimi ni mwanafunzi, tela likaingia. Na Kiingereza ujifunze kama una mpango wa huku: tangu Juni 2025 askari akikusimamisha na huwezi kuongea naye, gari linalala hapo.

Mwenye Fuso Mbili:
Saa 11 na mashine! Huku ukimwekea dereva kifaa anakifunika. Mimi nimeajiri vijana na wazee, na nasema wazi: tatizo la madereva si umri, ni wese, yaani wizi wa mafuta. Lita 40 zinashuka Dar kabla gari halijafika Chalinze, lita 60 Makambako. Halafu ili hesabu itimie, anashuka mlima ametoa gia, gari linajiendea lenyewe, mafuta yaliyobaki anauza. Mwalimu akija kwangu nampokea leo, kwa sababu mwalimu hawezi kuiba.

Mzee wa Tela:
Hapo sasa umenigusa. Unamlipa dereva mshahara gani? Andika hapa watu waone. Mkataba anao? Mgomo ule wa 2014 tulilala Ubungo tukidai vitu viwili tu, mikataba, na kuacha kutulazimisha kurudi shule kwa pesa zetu kila leseni ikiisha. Matajiri mkaenda mbele ya serikali mkasema mikataba ipo. Ipo wapi? Mkataba wangu wa kwanza niliushika nikiwa mwaka wa 11 kazini. Nalaani wizi wa mafuta, na anayetoa gia mteremkoni ni muuaji. Lakini usiniambie mwizi ni mmoja.

Mstaafu Mtarajiwa:
Ilikuwa 2015, Aprili. Mabasi pia yaligoma, nilikwama Ubungo na maiti ya shangazi ikitusubiri Songea. Sijasahau.

Mzee wa Tela:
2015, sawa. Pole kwa msiba, mama. Hatukufanya kwa kuwachukia abiria.

Mstaafu Mtarajiwa:
Mimi ni baba. Asante.

Mwenye Fuso Mbili:
Mikataba ninayo. Na kutoa gia hakujaanza kwa sababu ya mshahara. Wengine wanaamini kabisa gari likiwa bila gia linapumzika. Nimebishana nao mpaka nimechoka.

Chaki Nyeupe:
Samahani wakuu, hapa naomba niingie, ni somo langu. Gari haliwezi kupumzika mlimani. Tani 56 zikiwa kwenye kilomita 40 kwa saa zina nishati fulani ya mwendo. Mwendo ukifika 80, nishati hiyo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Na bado mlima unaongeza. Ukiwa kwenye gia, injini inasaidia kuimeza. Ukitoa gia, kazi yote unaitupia breki, nazo hazina pa kuipeleka zaidi ya kuigeuza joto. Chuma kikipita kiwango, unakanyaga pedali na hakuna kinachoshika. Upepo upo kwenye mitungi, mabomba ni mazima, lakini gari halisimami. Mwanafunzi wangu mmoja alifia hivyo mlima Kitonga, utingo, miaka 19. Nilimfundisha kanuni hii kidato cha tatu. Dereva wake hakuna aliyemfundisha.

Mzee wa Tela:
Mwalimu, nimesoma mara mbili, na nimemsomea tingo wangu kwa sauti. Hapa nipo Ruaha Mbuyuni, nimepaki, wali uko kwenye jiko pembeni ya tairi, mama wa vitunguu ameniwekea fungu. Harufu ya breki zikipata joto hilo naijua. Inaanza kama nywele zinaungua, halafu moshi mweupe kwenye tairi za tela, na ukiona moshi umechelewa. Kitonga nashuka na gia ileile ambayo ningepandia, mguu nauweka kwenye breki mara moja moja. Nimefundishwa na mzee mmoja Mnyakyusa, hakunieleza sababu, alinipiga kofi nilipogusa gia. Leo nimeijua sababu.

Sasa nakujibu. Hujachelewa kushika usukani. Umechelewa kwa mambo mengine, na ni vizuri uyajue. Tajiri atakuuliza uzoefu wa miaka mitatu, wa Tunduma atasema mitano, wewe huna hata mwezi. Utaanza na lori la mchanga au la saruji, la mtu asiye na mkataba. Utaamrishwa na vijana uliowafundisha. Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, nimewahi kulala foleni siku 11, maji ya kunywa nanunua, mgongo unauma, na mimi nimezoea. Mgongo wako umezoea kiti cha ofisi ya walimu. Pima macho usiku, si mchana. Alhamisi usiku nitapita mizani ya Makambako nikienda juu. Ukitaka, njoo utazame ninavyokagua gari kabla sijaondoka, inachukua kama nusu saa.

Kijana wa Vingunguti:
Mzee, nikubali kwamba lile la shule nilikosea. La mipakani silifuti, nimeliona kwetu nyumbani.

Mama Ebeneza:
Basi sema "nimeliona kwetu", usiseme "kila". Hilo tu ndilo nililotaka.

Mwalimu, watu wote humu wamekuuliza pensheni, macho na mgongo. Mimi nina moja. Umemwambia mkeo?

Chaki Nyeupe:
Bado, dada yangu. Fomu nimeziweka ndani ya andalio la somo, kabatini ofisini, tangu mwezi wa pili. Najua swali atakaloanza nalo: nani atamwagilia miche ya parachichi Septemba, maana yeye goti linamsumbua na kisima kiko bondeni. Hilo sijalipatia jibu. Mzee wa Tela, Alhamisi nitakuja Makambako, ila nitakuja naye.