Kampuni za hosti zinayaua majarida yetu ya kitaaluma: wahariri, hakikisheni kikoa (jina la tovuti) kimesajiliwa kwa jina la nani

Ndugu wanajukwaa, na hasa ninyi mnaohariri majarida ya vyuo na taasisi za utafiti,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jarida la chuo chetu limefungiwa na kampuni inayolihifadhi mtandaoni, na kila anayefungua kiungo cha makala yoyote anakutana na ukurasa mtupu wenye sentensi moja ya Kiingereza inayosema kwamba akaunti imesimamishwa na kwamba awasiliane na mtoa huduma wake. Anayeambiwa hivyo ni msomaji, ambaye pengine yuko Bujumbura au Leipzig na hahusiki kabisa na mikataba yetu. Wala hatudaiwi. Ada ya mwaka ililipwa mapema na stakabadhi ipo. Sababu tuliyopewa ni kwamba tumevuka idadi ya faili zinazoruhusiwa katika kifurushi chetu, ilhali kifurushi hichohicho kimetangazwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wao wa mauzo kuwa hakina kikomo.

Kilichoondolewa kikomo, kama ilivyo kwa vifurushi vingi vya aina hii, ni ukubwa wa diski tu. Idadi ya faili ina kikomo chake, nacho kimefichwa ndani kabisa ya masharti ya huduma. Tovuti ya duka au ya hoteli yenye kurasa chache inaweza kuishi miaka yote bila kukigusa. Jarida linaloendeshwa kwa Open Journal Systems, programu ya kupokea, kupitia na kuchapisha makala ambayo wengi wetu tunaiita OJS, huanza na maelfu ya faili za programu yenyewe kabla hata makala ya kwanza haijawasilishwa. Baada ya hapo kila makala huzaa zake: muswada wa awali, muswada ulioondolewa jina la mwandishi, maoni ya mpitiaji wa kwanza na wa pili, muswada uliorekebishwa, uliohaririwa lugha, na PDF inayochapishwa. Hata makala iliyokataliwa huacha faili zake, na ni lazima zitunzwe, kwa sababu mwandishi akikata rufaa hizo ndizo ushahidi wa namna alivyotendewa. Muuzaji aliyekihakikishia chuo kwamba anaifahamu OJS hakuweza kukosa kulijua hilo.

Asije mtu akatuambia kwamba mahitaji yetu ni ya ajabu. OJS inatolewa bure na Public Knowledge Project (PKP), mradi ulioanzishwa na John Willinsky nchini Kanada mwaka 1998. Programu yenyewe ilitoka mara ya kwanza mwaka 2001, na kufikia mwaka 2020 majarida hai zaidi ya 25,000 duniani yalikuwa yakiitumia, mengi yao katika nchi za Kusini. Maelekezo ya kuiweka kwenye seva yapo wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Kampuni inayopokea fedha za chuo haina kisingizio cha kutoyasoma.

Kufungiwa huku si tukio la kwanza. Mapema mwaka huu kampuni hiyo ilipandisha toleo la PHP, lugha ya programu ambayo OJS imeandikwa kwayo, kwenye seva yake bila kumjulisha mteja yeyote, na jarida likazimika, kwa kuwa toleo letu la OJS lilikuwa la zamani na halikuweza kufanya kazi na PHP 8. Sikatai kwamba PHP ya zamani ni hatari na kwamba ilipaswa kuondolewa. Ninachokataa ni kuondolewa usiku, wakati wapitiaji wamo kazini, bila hata barua pepe ya mstari mmoja ya kututahadharisha ili tuihuishe OJS kwanza. Tulipolalamika wakaturejeshea tovuti kutoka kwenye nakala ya akiba, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kanzidata waliyorudisha na folda ya faili waliyorudisha zilikuwa za nyakati mbili tofauti. Kanzidata inasema mpitiaji amewasilisha ripoti yake na inaonyesha tarehe, lakini ukibofya jina la faili unaambiwa haipo. Imetulazimu kuwaandikia wapitiaji, watu wanaofanya kazi hii bila malipo, kuwaomba watume upya maoni waliyokwisha kuyatuma.

Lililonikosesha usingizi zaidi, hata hivyo, ni mahali walipoiweka folda hiyo walipoirejesha. OJS hutunza miswada na ripoti za wapitiaji katika folda inayotajwa kwenye faili ya mipangilio, config.inc.php, katika mstari wa files_dir, na maelekezo yanasisitiza kwamba folda hiyo ikae nje ya eneo linalofikika kwa kivinjari. Fundi wao aliiweka ndani ya public_html, yaani folda ambayo kila kilichomo hufikika mtandaoni. Baada ya muda mhadhiri mmoja alipekua Google kutafuta kichwa cha makala yake ambayo ilikuwa bado inapitiwa, akaikuta, na pembeni yake akayakuta maoni ya mpitiaji yakiwa katika faili la Word lenye jina kamili la mpitiaji huyo kwenye taarifa za faili. Mapitio yasiyotaja majina ndiyo msingi wa kazi yetu. Mpitiaji alituamini akasema kweli kuhusu udhaifu wa makala ya mtu ambaye huenda wanakutana kwenye mikutano ya kitaaluma, na sasa siri yake imemwagwa kwa sababu fundi hakusoma mstari mmoja wa maelekezo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nilipowakumbusha jambo hilo kwa maandishi, walijibu kwamba tiketi yangu, yaani ombi langu la msaada, imefungwa kwa kuwa tatizo limetatuliwa.

Kuhusu barua pepe nitasema kwa kifupi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, yaani rekodi za kikoa zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa kweli, na wanaotuma kwa wingi wawe navyo vyote viwili. Kampuni hii ilituwekea mfumo wa kutuma kutoka kwenye seva inayotumiwa na mamia ya tovuti nyingine, bila rekodi yoyote kati ya hizo, kwa hiyo mialiko ya wapitiaji ikawa inaishia kwenye folda ya taka au haifiki kabisa. Waandishi walidhani tumewapuuza, nao wapitiaji hawakuwa na habari kwamba wamealikwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike uzi huu badala ya kuendelea kutuma tiketi. Tulipoamua kuhama, tuliomba msimbo wa kuhamisha kikoa chetu cha .org, tukajibiwa kwamba hatuwezi kupewa kwa kuwa kikoa si chetu. Tulipotazama taarifa za usajili tukakuta ni kweli: katika nafasi ya mmiliki limeandikwa jina la kampuni, si la chuo, japokuwa ni chuo kilichokilipia tangu siku ya kwanza na ankara zinasema hivyo. Tumekuwa kama mpangaji aliyefungiwa mlango huku mali yake yote ikiwa ndani, kisha anaambiwa hata jina lililo mlangoni ni la mwenye nyumba.

Wasiofanya kazi hii wanaweza kuona kwamba dawa ni kununua kikoa kingine. Kwa jarida la kitaaluma, kikoa ndiyo anwani iliyomo katika tasnifu, katika orodha za marejeleo, katika Google Scholar na katika fomu za wahadhiri wanaoomba kupandishwa cheo. Naijua hoja kwamba DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, inatulinda, na najua kwamba Crossref, shirika linaloandikisha DOI, tangu Januari 2023, imeziondolea ada taasisi za nchi kadhaa zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo, jambo ambalo nalishukuru kwa dhati. Lakini DOI humwelekeza msomaji kwenye anwani tuliyoiandikisha sisi, basi. Anwani hiyo ikifa, DOI nayo humfikisha msomaji kwenye ukurasa uliokufa, mpaka mhariri aandikishe anwani mpya kwa kila makala, na ili afanye hivyo ni lazima awe na makala zenyewe mkononi. Kikoa kisipohuishwa, mambo huwa mabaya zaidi. Kwa .org, muda wa msamaha ukiisha kuna siku 30 za kukikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo mtu yeyote duniani anaweza kukinunua. Wamiliki wa tovuti za kamari huvisaka vikoa vya aina hii kwa sababu vinaaminiwa na Google. Fikirieni makala ya daktari kuhusu kifua kikuu ambayo DOI yake inafungua ukurasa wa kubashiri matokeo ya mpira.

Watafiti Mikael Laakso, Lisa Matthias na Najko Jahn walionyesha kwamba majarida 174 ya wazi yalitoweka mtandaoni kati ya mwaka 2000 na 2019 bila nakala yake kamili kuhifadhiwa kwenye mfumo wowote wa kumbukumbu. Hayakuwa majarida ya ulaghai. Mengi yalikuwa ya vyama vya wanataaluma na ya vyuo, yaani watu kama sisi.

Kwa sababu hiyo nawasihi wahariri wenzangu mpime kampuni ya hosti kwa namna itakavyokuruhusu uondoke. Kasi, rangi za paneli na idadi ya akaunti za barua pepe vinaweza kusubiri. Kabla ya kulipa, waulize kwa maandishi kikoa kitasajiliwa kwa jina la nani, na majibu yakija usiyaamini mpaka uyaone mwenyewe kwenye WHOIS, huduma ya kutazama taarifa za usajili wa vikoa. Kwa vikoa vya .tz pia huduma hiyo ipo. Kama chuo chako kina anwani yake ya .ac.tz, ni afadhali jarida likae chini yake, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyoyaweka majarida yake kwenye journals.udsm.ac.tz, kwa maana hapo hakuna muuzaji anayeweza kudai kwamba jina ni lake. Kisha waulize kama utaweza kuchukua mwenyewe, bila kuomba ruhusa, vitu ambavyo ndivyo jarida lenyewe: kanzidata, folda ya files_dir, folda ya public na faili ya config.inc.php, vyote vikiwa vya wakati uleule. Wakisema nakala hutolewa kwa tiketi, ondoka.

Najua wapo watakaosema kosa ni kununua huduma ya ndani, na wengine watasema kosa ni kununua ya nje. Mabishano hayo hayanisaidii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sisi tuliokuwa Tanzania tulihangaika kufungua chochote kilichokuwa kwenye seva za mbali. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya hosti ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa palepale walizipoteza pamoja na tovuti. Popote utakapohifadhi jarida, nakala ya pili iwe kwenye jengo jingine na kwa mtu mwingine. Kwa wanaotumia OJS upo pia mtandao wa kumbukumbu wa PKP, ulioanza mwaka 2016 na unaotumia LOCKSS, teknolojia ya Chuo Kikuu cha Stanford ya kutunza nakala nyingi mahali tofauti. Ni bure, unahitaji ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), matoleo yaliyochapishwa na plagini moja, yaani kiongezo cha OJS. Kuna majarida mengi ya kwetu ambayo hayajajiunga, na sielewi kwa nini.

Hasira yangu nyingine ni kwa idara zetu za ununuzi. Zinaletwa profoma tatu, yenye bei ndogo inapita, na katika vigezo vya tathmini hakuna hata mstari mmoja unaouliza nakala za akiba zinatunzwa wapi au mkataba ukiisha nani atakabidhi nini kwa nani. Mhariri hushirikishwa wakati mkataba umekwisha kusainiwa. Mkataba wetu nami niliukuta hivyo, na nimekwisha kuandika barua rasmi kwa uongozi wa chuo nikidai kwamba hakuna huduma ya jarida itakayonunuliwa tena bila kifungu cha kukabidhi kikoa na data zote ndani ya siku 7 baada ya kuombwa.

Naomba msaada wenu katika mambo mawili. Waliowahi kukirejesha kikoa cha .org kilichosajiliwa kwa jina la muuzaji, naomba mnieleze msajili mkuu aliwataka mtoe nyaraka gani: cheti cha ithibati ya chuo, barua ya Makamu Mkuu wa Chuo, stakabadhi za malipo, au uthibitisho wa ISSN iliyotolewa kwa jina la chuo. Na ninyi mlio Kenya na Uganda ambao majarida yenu yanahifadhiwa na KENET au RENU, mitandao ya vyuo na utafiti ya nchi hizo, naomba mniambie bila kupamba wanawajibu kwa muda gani jarida linapozimika, na kama mhariri anapewa ruhusa ya kuingia kwenye files_dir mwenyewe. Nikipata jibu la kampuni, ambayo nimeipa mpaka Ijumaa kutoa msimbo wa kikoa, nitaliweka hapa kama lilivyo, bila kutaja jina lao mpaka wanasheria wa chuo waruhusu.