Naombeni ushauri: ajali ya Air Florida 90 nianze kuifundishia wapi, kwenye bawa au kwenye injini?

tai_mweupe: Wakuu, naandaa kipindi cha dakika 40 kwa wanafunzi wa urubani kuhusu ile Boeing 737-200 iliyopaa Washington tarehe 13 Januari 1982, theluji ikianguka, ikagonga daraja na kutumbukia mto Potomac. Walikufa 78, wanne kati yao wakiwa kwenye magari darajani. Maandishi yanataja barafu ya mbawani, mara swichi ya injini. Nianze na kipi wasichanganyikiwe?

mshale_wa_geji: Anza na geji ya EPR, ile inayoonyesha nguvu ya injini. Chora injini ubaoni, weka vitundu viwili: kimoja mdomoni mwake, kingine nyuma kwenye moshi. EPR ni presha ya nyuma kugawanya kwa ya mbele. Barafu ikiziba kitundu cha mbele, presha yake inasomeka ndogo, na ukigawanya kwa namba ndogo jibu linapanda. Mshale ulionyesha 2.04 wakati injini zinatoa kama 1.70 tu. Swichi ya kuzuia barafu kwenye injini ilikuwa imezimwa. Marubani walipopitia orodha ya ukaguzi iliulizwa, ikajibiwa "imezimwa", wakaendelea! N1 (kasi ya mzunguko wa injini), EGT (joto la moshi wake) na mtiririko wa mafuta havitegemei kitundu kile, na vyote vilikuwa chini. Wape geji zote wakuambie wenyewe ipi inadanganya.

glaikoli: Sawa, ila ukiishia hapo wataondoka wakidhani bawa lilikuwa safi. Barafu nyembamba yenye mkwaruzo wa msasa inaweza kupunguza mnyanyuo kwa 30% na kuongeza ukinzani wa hewa kwa 40%. Pale zilipita dakika 49 tangu ndege ipuliziwe dawa ya kuondoa barafu, na dawa yenyewe ilitoka na glaikoli (kimiminika kinachozuia kuganda) 18% badala ya 30%. Halafu wakasogea karibu na moshi wa ndege iliyotangulia, wakitegemea joto lake liwasafishie mbawa. Kosa kubwa hilo. Theluji kavu pengine ingepeperuka. Ikishalainika inakuwa uji, uji unasukumwa hadi ukingo wa mbele wa bawa, unagandia hapo hapo.

tai_mweupe: Asanteni. Suala la kukatisha kupaa niligusie?

mshale_wa_geji: Hapo ndipo utumie muda. Ilikimbia kama sekunde 45, yaani 15 zaidi ya kawaida, na ikala karibu futi 2,000 za ziada. Rubani msaidizi alitilia shaka geji mapema, mwendo ukiwa bado mdogo; kapteni akaendelea. Hata baada ya kunyanyuka injini zilikuwa na nguvu ya akiba, ila anayeiamini 2.04 anaona zimeshafika kikomo, anasita kusukuma leva za nguvu ya injini.

glaikoli: Ukibakiwa na dakika tano, linganisha na Fokker F28 ya LaGuardia, tarehe 22 Machi 1992: injini nzima, geji za kweli, barafu mbawani tu, kama dakika 35 tangu dawa ya mwisho. Ikaanguka vilevile, wakafa 27. Na wakumbushe kwamba muda wa kinga wa dawa unahesabiwa tangu upuliziaji wa hatua ya mwisho unapoanza, siyo gari la dawa linapoondoka. Wengi wanakosea hapo, na kwenye ndege kubwa hizo ni dakika kadhaa ambazo huna.