Mashindano ya dunia ya vishale: mchezaji wa kike kutoka Uganda alenge Lakeside au Alexandra Palace?

Mrushaji wa Arua

Salamu kwenu wachezaji wote wa vishale (darts). Klabu yetu hapa Arua ina wachezaji 14, wanawake wakiwa 6, nasi hukutana kila Jumatano jioni na Jumamosi mchana katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya soko. Miongoni mwao yumo binti wa miaka 19 ambaye kwa miezi minane sasa amekuwa akiwashinda wanaume wote wa klabu isipokuwa wawili, na hao wawili wenyewe huondoka jasho likiwatoka.

Juzi aliniuliza swali ambalo nilishindwa kumjibu. Alitaka kujua mashindano halisi ya dunia ni yapi, kwa maana amesikia kwamba bingwa wa dunia wa wanawake hupatikana katika ukumbi wa Lakeside, Uingereza, kisha akasikia kwamba Fallon Sherrock, mchezaji wa kike wa Uingereza, aliwashinda wanaume katika mashindano ya dunia yanayochezwa Alexandra Palace, London. Mzee mmoja wa klabu alimjibu kwa haraka kwamba wanawake wana mashindano yao na wanaume wana yao, basi asijisumbue. Mwingine akaongeza kwamba amekwisha kuchelewa, kwa sababu Mwingereza Luke Littler alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Binti alinyamaza, nami sikupendezwa na ukimya ule.

Naomba wanaofahamu wanieleze kwa utaratibu: ni yapi ya kweli, je, mwanamke anaruhusiwa kuingia kote, na je, kanuni za wanawake zinatofautiana na za wanaume? Nieleze pia kwamba ubao wetu ulitundikwa kwa kukadiria kwa macho, na mstari wa kurushia ulichorwa kwa chaki.

Katibu wa Klabu, Jinja

Ndugu Mrushaji, mkanganyiko huo una historia yake, na ukiijua historia hiyo utamjibu binti bila kusitasita.

Mashindano ya dunia ya kitaaluma yalianza mwaka 1978 mjini Nottingham, Uingereza, chini ya BDO, chama cha vishale cha Uingereza, na bingwa wa kwanza alikuwa Leighton Rees wa Wales. Kuanzia mwaka 1986 yakahamia Lakeside, katika kijiji cha Frimley Green, na jina la ukumbi huo likawa kama jina la pili la mchezo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachezaji wakubwa, Phil Taylor, Eric Bristow na Dennis Priestley wakiwemo, waligombana na chama kuhusu matangazo ya televisheni na udhamini, wakajitenga na kuunda chombo chao ambacho leo tunakiita PDC. Mashindano yao ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1994 na Priestley akashinda. Tangu hapo dunia ya vishale imekuwa na mabingwa wawili. Hayo ya PDC yamekuwa yakichezwa Alexandra Palace tangu toleo la 2008, na ndiyo yenye fedha nyingi zaidi: bingwa wa toleo la 2026, ambaye alikuwa Littler kwa mara ya pili mfululizo, alipata pauni milioni 1.

BDO ilianguka mwaka 2020. Shirikisho la dunia, WDF, likaanzisha mashindano yake ya dunia pale pale Lakeside mwaka 2022, likiwa na ubingwa wa wanaume na ubingwa wa wanawake, kila mmoja na droo yake, yaani mpangilio wake wa mechi. Mabingwa wa mwaka huo walikuwa Neil Duff na Beau Greaves, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 18.

Kwa hiyo yule mzee wenu amekosea nusu. Lakeside kweli wanawake na wanaume hucheza katika droo tofauti, lakini Alexandra Palace hakuna droo ya wanawake na hakuna droo ya wanaume. Kuna droo moja tu, na anayefuzu huingia. Gayl King wa Kanada alicheza katika mashindano hayo ya PDC toleo la 2001, kabla hayajahamia Alexandra Palace. Kuanzia toleo la 2019 nafasi mbili zilitengwa kwa wanawake, na siku hizi wanawake hufuzu pia kwa pointi za michuano yao wenyewe ya PDC. Jambo la kuzingatia ni kwamba mchezaji hawezi kuyacheza yote mawili katika msimu mmoja. Greaves alilazimika kuchagua: mwaka 2023 na mwaka 2024 alichagua Lakeside akatwaa ubingwa mara zote mbili, kisha kwa toleo la 2026 akachagua Alexandra Palace.

Na huyo aliyesema binti amechelewa, mwambieni kwamba katika fainali ya Lakeside ya mwaka 2024 alicheza Paul Lim wa Singapore akiwa na miaka 70. Ndiye yule aliyefunga legi, yaani mchezo mmoja wa kutoka 501 hadi sifuri, kwa vishale 9 mwaka 1990, akiwa wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano ya dunia.

Nnalongo wa Mbale

Mrushaji wa Arua, mimi nimerusha vishale kwa miaka 16 na ninataka kulijibu hilo la kanuni, kwa kuwa ndilo linalonigusa.

Ubao ni ule ule. Katikati ya ubao panakaa mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kurushia uko mita 2.37 kutoka uso wa ubao, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Hatusogezwi karibu wala hatupunguziwi hesabu. Sote tunaanza na 501 tukipunguza hadi sifuri, na sote tunafunga kwa dabo, yaani pete nyembamba ya nje inayohesabu namba mara mbili. Katika riadha mkuki wa wanawake ni mwepesi kuliko wa wanaume, na katika mpira wa wavu neti yetu hushushwa, lakini kwenye vishale hakuna mtu aliyewahi kuona sababu ya kutubadilishia kitu, kwa kuwa kishale chenyewe kina uzito wa gramu ishirini na kitu tu, na kinachotakiwa ni mkono unaorudia tendo lile lile mara elfu.

Tofauti iliyopo ni urefu wa mechi, na hapo ndipo ninapolalamika waziwazi. Fainali ya wanaume ya Lakeside mwaka 2022 ilikwenda hadi Duff akafikisha seti 6 (seti ni kundi la legi), ilhali Greaves alihitaji seti 4 tu kuwa bingwa. Mechi fupi humnyima mchezaji bora nafasi ya kusahihisha mwanzo mbaya, tena humzoesha mwanamke kufikiri kwamba amemaliza kazi wakati mwanamume bado yuko katikati ya safari. Siku akikutana na mwanamume kwenye droo moja, pumzi ya akili ndiyo humwishia, si nguvu ya mkono.

Hata hivyo wapo waliovuka. Mwezi Desemba mwaka 2019 Fallon Sherrock alimtoa Ted Evetts kwa seti 3 kwa 2, akiwa mwanamke wa kwanza kushinda mechi katika mashindano ya dunia ya PDC, na siku chache baadaye akamtoa Mensur Suljović wa Austria, ambaye alikuwa miongoni mwa waliopangwa juu kwa ubora. Mwezi Oktoba mwaka 2025 Greaves alimshinda Littler mwenyewe legi 6 kwa 5 katika nusu fainali ya mashindano ya dunia ya vijana. Mwonyesheni binti mechi hiyo. Atazame uso wa Greaves kabla ya kishale cha mwisho, maana hakuna haraka hata kidogo.

Nimewahi kusafiri na wenzangu watatu hadi kwenye mashindano ambapo waandaaji walitupa ubao saa nne ya usiku, wanaume walipokwisha kumaliza na taa ya upande mmoja imekwisha kuzimwa. Tulicheza hivyo hivyo. Ninakuomba, Mrushaji, katika klabu yako wanawake wasipewe ubao uliobaki. Mpangeni huyo binti katika ratiba moja na wanaume, na mechi zake ziwe ndefu sawa na zao.

Mpenzi wa Vishale, Busia

Ninaongeza moja tu, kwa kuwa mmeuliza kuhusu njia ya kwenda huko na hakuna aliyemtaja jirani yetu. Mwezi Desemba mwaka 2025 David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, aliingia Alexandra Palace kupitia mashindano ya kufuzu ya Afrika, akiwa Mkenya wa kwanza kucheza huko. Alipangwa na Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix wa mwaka 2024, akawa nyuma kwa seti 2 bila, kisha akashinda 3 kwa 2. Tulioitazama upande huu wa mpaka tulisimama juu ya viti. Droo sasa ina wachezaji 128, badala ya 96 wa hapo awali, na nafasi za mabara zimeongezeka. Kwa upande wa WDF mtu hukusanya pointi katika michuano ya wazi iliyopangwa kwa madaraja, kuanzia shaba, fedha, dhahabu hadi platinamu, jambo ambalo linahitaji nauli kuliko kipaji.

Mrushaji wa Arua

Nimewasomea wanaklabu majibu haya kwa sauti jana jioni, na yule mzee alimgeukia binti mbele ya wote akamwambia, "Mwanangu, nilisema nisilolijua." Nnalongo, ratiba tumekwisha kuibadilisha.

Sasa nina swali la mwisho. Binti hupata 100 na 140 kwa zamu moja ya vishale vitatu bila taabu, lakini akibakiwa na 36 au 40 hukwama zamu tatu au nne huku mpinzani akimfikia. Nimfundisheje?

Katibu wa Klabu, Jinja

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Ndugu Mrushaji. Watu hushangilia 180, alama ya juu kabisa ya zamu moja, lakini mechi hushindwa kwenye pete ya dabo, ambayo upana wake ni milimita 8 tu.

Mfundishe kwanza kupenda 32. Dabo 16 ikimkosa akaangukia 16 ya kawaida, hubaki na 16, ambayo ni dabo 8. Akikosa tena vivyo hivyo hubaki na 8, kisha 4, kisha 2, na kila mara ana dabo ya kulenga bila kupoteza kishale cha kuweka hesabu sawa. Kwenye 40 njia hiyo hukatika mapema, kwa maana atapata 20, kisha 10, kisha 5, na hapo inambidi atumie kishale kizima kuondoa witiri. Kwenye 36 ni mbaya zaidi: kosa la kwanza humwacha na 18, la pili na 9. Namba jirani nazo zinahusika. Pembeni ya 16 kuna 8 na 7, hivyo hata akipotoka upande wa 8 hubaki na 24, nayo ni dabo 12. Kwa hiyo mazoezi ya dabo yasiwe ya mwisho wa jioni mkono ukiwa umechoka. Yawe ya kwanza, nusu saa nzima, na ahesabu kwa maandishi amepata ngapi katika vishale 100.

Lakini kabla ya hayo yote, pimeni ubao wenu. Wengi hupima mita 2.37 kutoka ukutani, wakasahau unene wa ubao, na mchezaji akawa amesimama karibu kuliko inavyotakiwa pasipo kujua. Dondosheni uzi wenye jiwe kutoka kwenye uso wa ubao hadi sakafuni, mpime kutoka hapo. Kisha hakikisheni kwa uzi wa mshazari: kutoka katikati ya ubao hadi kwenye mstari iwe mita 2.93. Namba 20 ikae juu kabisa. Ubao ukiwa ni wa katani, msiuloweshe maji kamwe, kwa sababu nyuzi hufura na kuharibika. Badala yake izungusheni pete ya namba kila baada ya wiki chache ili sehemu ya 20 isichakae peke yake. Katani, kama mnavyojua, ni zao letu la Afrika Mashariki, na inanifurahisha kila mara kufikiri kwamba kile kinachopokea vishale vya mabingwa kimeota katika udongo huu.

Mrushaji wa Arua

Tumepima leo mchana. Katikati ya ubao palikuwa mita 1.68, na mstari ulikuwa mita 2.31 kutoka uso wa ubao. Kwa miezi yote hiyo binti amekuwa akirusha kuelekea chini na kutoka karibu, nami nilimlaumu mkono. Tumeondoa msumari, tumeupandisha ubao, na fundi seremala ametupigilia kipande cha mbao sakafuni badala ya chaki.

Baada ya hapo alirusha vishale 100 kwenye dabo 16 akapata 11. Ameiandika namba hiyo ukutani kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na tarehe, na ameniomba funguo za ukumbi kwa ajili ya kesho asubuhi.