Miswada ya Kiswahili: tushirikiane vipi na vituo vya nje?

Muulizaji, Mlimani: Ndugu zangu, miswada ya tenzi imetawanyika, mingine ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mingine chuo cha SOAS, London. Vituo vya insia za kidijitali (utafiti wa lugha, fasihi na historia kwa kompyuta) viiunganishe vipi bila sisi kubaki wapiga picha tu?

Jibu: Anzeni na usimbaji, yaani kuitia matini alama ambazo kompyuta huzisoma. Mradi wa TEI (Text Encoding Initiative), mpango wa kimataifa wa kusimba matini ulioanza 1987, umeweka alama za pamoja, hivyo ubeti uliosimbwa hapa husomeka London bila kuandikwa upya. Ugumu ni hati ya Kiarabu iliyoandikiwa tenzi za kale: alama zake tatu za irabu hazitoshelezi irabu zetu tano, na hapo ndipo msomaji wa huku huamua ni irabu ipi.

Jibu: Ndugu, mkataba utangulie. Mradi niliowahi kushiriki ulizimika ufadhili ulipokwisha, nasi hatukuwa na nakala hata moja.